Mistari Iliyokutana Chini ya Meza ya Mwalimu Mkuu

Tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na moja ya kushika chaki, mwalimu wetu wa hisabati anastaafu. Jina lake kamili liko kwenye vyeti. Hapa shuleni ni Mwalimu Tuone, maana kila akiulizwa jambo hujibu: tuone kwanza.

Amefundisha watoto, kisha watoto wa watoto hao. Suruali zake zote zina vumbi la chaki mfuko wa kulia, na mkewe alishachoka kulalamika.

Alichokipenda kuliko vyote ni grafu. Ukimpa milinganyo miwili yenye x na y, wewe utakimbilia kuondoa herufi moja upate jibu lako uende zako. Yeye atachora kila mlinganyo uwe mstari, kisha aifuate mistari hiyo kwa kidole hadi inapokatana, kwa sababu hapo ndipo x na y zinaikubali milinganyo yote miwili. Alitaka kuona jibu linakaa wapi.

Mwalimu wa taaluma, mtu wa haraka haraka, aliona grafu inakula vipindi bure, akataka iondolewe kwenye ratiba. Mwalimu Tuone alikosa raha, hata chai ikawa haipandi. Mwishowe wakakubaliana: mwalimu wa taaluma atunge swali, na grafu ikishindwa kulijibu kabla ya kengele, basi, imekwenda.

Akaleta x = 10y na x = 12y − 12. Mjanja yule! Ubaoni mistari ilionekana sambamba kabisa, ikafika ukingoni bila kugusana. Mwingine angepiga hesabu pembeni. Mwalimu Tuone aliazima kamba mbili kwetu walimu wa jiografia, akafungua mlango na kusema tuone zinakwenda wapi.

Korido yetu ina vigae vya mraba, kwa hiyo kila kigae kikawa hatua moja ya grafu. Kamba ya kwanza ilisogea kushoto kigae kimoja kwa kila vigae kumi vya mbele. Ya pili ilianzia kigae kimoja kushoto, ikasogea kimoja kwa kila kumi na mbili. Wanafunzi walivuta wakipita stoo, wakapita ofisi ya walimu, nasi tukaacha vikombe tukafuata. Loo, kamba zikaanza kukaribiana! Zikaingia ofisini kwa mwalimu mkuu, aliyekuwa na wageni, zikakutana chini ya meza yake: sitini mbele, sita kushoto. Mwalimu mkuu aliinua miguu. Mwalimu wa taaluma alipiga magoti, akahesabu upya, akacheka mpaka machozi. Kengele ilikuwa bado, na grafu ikabaki.

Juzi Mwalimu Tuone alituambia kuwa kuondoka hakumuumi. Kinachomuuma ni kutojua kama kamba zile zitavutwa tena.

Jibu limetoka kwa mwalimu wa taaluma mwenyewe. Ametunga milinganyo mingine. Mistari yake inatoka korido, inavuka geti, inaelekea mtaa anaokaa mstaafu wetu. Ametukataza sote kukokotoa.

Asante, Mwalimu, kwa udadisi uliotuambukiza. Tunakutakia afya, usingizi wa mchana na maisha mema. Tafadhali usipige hesabu. Acha mlango wazi tu, tunakuja na kamba.