Mzee Owuor na Senti Kumi Isiyo na Tundu

Tarehe 31 Machi 1958, Mzee Hezron Owuor ataifunga kantini ya Kinu cha Unga cha Tembo Watatu, hapa Nakuru, atamkabidhi meneja funguo, kisha atapanda gari la moshi kurudi kwao Yala. Atakuwa ametumika miaka thelathini na mmoja na miezi miwili. Nimeombwa niandike habari zake kwa sababu stoo yangu na kantini yake zimetenganishwa na ukuta wa mabati tu, na kwa miaka kumi na miwili nimesikia kila neno lililosemwa upande wa pili. Ninayo pia sababu yangu mwenyewe ya kuandika. Nitaifikia.

Aliajiriwa Januari 1927 kubeba magunia. Mwaka wa 1938 gunia la mahindi lilimwangukia mguuni, akahamishiwa kantini kuuza chai na mandazi. Wiki ile ile ya kwanza alipewa senti kumi yenye jina la mfalme asiyemjua. Zote alizozizoea ziliandikwa George. Hii iliandikwa Edward, mwaka 1936. Akaenda kumwuliza aliyekuwa karani mkuu, akaambiwa kwamba huyo alikuwa mfalme kwa muda usiotimia mwaka, kisha akaacha kazi.

"Aliacha? Alikuwa mgonjwa?"

"Hapana. Alitaka kuoa."

"Na sisi tuliooa, mbona tunakuja kazini?"

Tangu siku hiyo Mzee Owuor hakupokea senti bila kuisoma. Alinunua kioo cha jicho kwa fundi wa saa, akakifunga na uzi shingoni. Akagundua kwamba senti nyingi zina herufi ndogo sana za kiwanda zilikochapwa: nyingine H, nyingine KN, nyingine SA, na nyingine hazina kitu. Akagundua pia, kwa uchungu, kwamba senti za Edward alizotumaini zingemtajirisha zimejaa mjini kama makapi ya ngano. Hata hivyo aliendelea kuziweka ndani ya debe chini ya kitanda. Alitufundisha kwamba shilingi nzima yenye simba yaweza isiwe na maana yoyote kwa mtafutaji, na ndururu iliyochapwa vibaya ikawa mali.

Somo hilo lilitolewa saa ya chakula, kwa watu thelathini wenye njaa na nusu saa tu ya kupumzika. Chai ilipoa. Chepkosgei, mshonaji wetu wa magunia, alizoea kupiga kelele tangu mlangoni: "Mzee, yangu ni George, arobaini na tatu, SA! Nimeshasoma! Nipe chai!" Mzee alimpa chai, lakini senti aliikagua vile vile.

Kosa lake moja kubwa alilifanya mwaka wa 1949. Alisimama kwenye benchi akatangaza kwamba anachokitafuta kuliko vyote ni senti kumi isiyo na tundu katikati, ile ambayo mashine iliruka ikasahau kuitoboa. Atakayemletea, alisema, atakunywa chai bure mwaka mzima. Kufikia Ijumaa alikuwa ameletewa kumi na nne. Mafundi wa karakana walikuwa wameziba matundu kwa lehemu na kuzipiga msasa, na mmoja aliileta yake ikiwa bado ya moto. Meneja alikasirika, akaamuru tangazo libandikwe kantini: SENTI BILA TUNDU HAZIPOKELEWI. Mzee Owuor alilibandika kwa mkono wake mwenyewe, na tangu hapo hakuzungumzia jambo hilo hadharani.

Novemba 1954, wakati wa Hali ya Hatari, maafisa wa usalama walikuja kupekua kinu. Ndani ya kantini, chini ya sinia la mandazi, walikuta daftari. Mzee huziandika senti zake kana kwamba ni watu, na ukurasa waliofungua ulisema hivi: "KN wawili wametoka Molo. H watatu wamefika kutoka Njoro, mmoja ameumia uso. SA bado wachache. Asiye na tundu anaendelea kutafutwa."

Walimchukua akiwa bado amevaa aproni.

Yaliyotokea huko ameyasimulia Akoth, mkewe. Afisa aliyemhoji alikuwa kijana Mzungu mwenye Kiswahili cha shambani. "KN iko nani?" aliuliza. Mzee akajibu kwamba KN si mtu, ni senti. "H nasema nini Njoro?" Mzee akajibu kwamba H hasemi. Hilo liliandikwa kama ukaidi. Mkalimani, kwa kutaka kusaidia, alieleza kwamba H huenda ni Hezron mwenyewe, na kwamba mtu asiye na tundu huenda ni mtu asiyepigwa risasi bado. Mzee akafungiwa. Siku hizo mtu aliweza kupelekwa kambini kwa jambo dogo kuliko hilo asirudi kwa miaka, na sisi hapa kinuni tulianza kunong'ona kama watu waliofiwa.

Siku ya tisa Akoth alijitwika debe kichwani akaenda mwenyewe.

"Nimesikia mnamtafuta KN," alimwambia askari wa mlangoni. "Ninaye."

"Uko naye wapi, mama?"

"Hapa kichwani. Wako zaidi ya mia mbili. Na H nimewaleta, na SA."

Askari wawili walishika bunduki. Akoth akaliinua debe, akalimimina juu ya meza ya afisa. Senti zikatapakaa mpaka chini ya kabati, moja ikaingia kwenye kiatu cha mkalimani. Mzee akaletwa, akarudishiwa kioo chake, akaanza kusoma: mwaka, herufi, mwaka, herufi. Afisa alizifuatisha na daftari kwa robo saa nzima, na kila moja ilikuwa pale ilipoandikwa. Kisha, kwa kumjaribu, akatoa chenji ya mfukoni mwake mwenyewe akaiweka mezani.

Ya nne katika chenji hiyo ilikuwa senti kumi isiyo na tundu.

Akoth anasema mumewe aliisogeza karibu na kioo mpaka akadhani ataimeza. Aliigeuza. Aliidondosha mezani asikilize mlio wake. Haikuwa lehemu.

"Hiyo mbaya," afisa alisema. "Duka yote nakataa."

Mzee angeweza kusema ndiyo, Bwana, ni mbaya, nikubadilishie na nzuri. Akoth alimkanyaga mguu chini ya meza ili aseme hivyo. Lakini yeye akasema, "Bwana, usiinunulie kitu. Hii nimeitafuta miaka kumi na sita. Chukua debe lote unipe hii moja."

Afisa alimtazama, akalitazama debe, akatazama ile senti. Mtu anayetoa zaidi ya mia mbili apate moja ama ni mwendawazimu ama anajua kitu. Afisa akaamua ni yote mawili: kwa wazimu wake akamwachilia, na kwa kile anachokijua akairudisha senti mfukoni. Mzee na mkewe walitumia saa nzima sakafuni wakiokota. Jumatatu alirudi kwenye chai yake, asituambie hata mmoja wetu alichokiona. Alikiandika tu daftarini: "Amepatikana. Hana haja nami."

Sasa nafikia sababu yangu. Agosti 1955 Mzee alichukua likizo kwenda kuezeka nyumba Yala, na mimi nikashika kantini wiki mbili. Siku moja aliingia kijana Mzungu nisiyemjua, amevaa nguo za safari, akauliza, "Mzee ya kioo iko wapi?" Nikamwambia yuko likizo. Akaagiza chai, akainywa yote, akaweka senti kumi mezani na kukaa akinitazama kama anayengoja nishangae. Nikaitazama. Haikuwa na tundu. Nikamwonyesha tangazo.

"Samahani, Bwana," nilimwambia. "Hii haipiti hapa."

Alicheka mpaka akashika ukuta. "Hata hapa!" alisema. Akaichukua, akalipa na nyingine, akaondoka. Kesho yake tulisikia kwamba afisa fulani amehamishwa kurudi Ulaya.

Nilijua nilichokifanya miezi mitatu baadaye, Akoth aliponisimulia habari ya kituoni. Nilimwungamia palepale. Alicheka akalia, akalia akacheka, kisha akanikataza nisimwambie mzee mpaka atakapokaribia kustaafu, kwa kuwa mtu mwenye kinyongo hawezi kukoroga chai vizuri. Nimetunza siri hiyo zaidi ya miaka miwili, nikisikiliza kupitia mabati jinsi anavyowauliza watu, kwa sauti ya chini, kama wameona chochote.

Wiki iliyopita nilikwenda kumwambia. Niliongea nikiangalia viatu vyangu. Mzee Owuor aliweka birika chini, akakivua kioo shingoni, akakifuta kwa aproni kwa muda mrefu sana. Nilikuwa tayari kwa lolote.

"Kipketer," aliniambia, "ilikuwa na herufi gani?"

Nikasema sikuangalia.

Hapo ndipo nilipomwona, kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na miwili, amekasirika kweli. Hakunisemesha siku mbili. Siku ya tatu alinipasulia andazi katikati, akanisogezea nusu, nasi tukala.

Mzee wetu, kwa niaba ya kinu kizima tunakushukuru kwa kila kikombe, hata kile kilichopoa ukisoma. Nenda salama pamoja na mama Akoth. Mungu awape afya, mvua ya wakati wake, na siku nyingi zenye amani huko Yala.