Historia ya Fundi Bomba, Aliyeshikilia Njia Zote kwa Jina Lake

Ndugu, majirani, na ninyi mliofanya naye kazi, familia inawaomba mtulie msomewe maisha ya binti yetu, ambaye mtaa mzima ulimjua kama Fundi Bomba, si marefu na hayatawachosha.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1991, katika hospitali ileile aliyofia, mtoto wa kwanza kati ya watatu wa mama mshona nguo na baba mpiga chapa, ambaye alitangulia mwaka 2004. Alianza darasa la kwanza Januari 1998 katika shule iliyo nyuma ya kituo cha mabasi, akaendelea na sekondari ya kutwa, akirudi jioni anashona vifungo vya sare za watu huku kitabu kiko wazi mapajani, na mwaka 2014 akamaliza chuo katika masomo ya kompyuta. Hakuwa malaika, alikuwa na mdomo wake, lakini kazi akipewa hakungoja kukumbushwa.

Aprili 2015 aliajiriwa na kampuni inayosafirisha majibu ya vipimo kutoka maabara kuu kwenda kwenye wodi za hospitali. Kwa wale waliokuwa wakimwuliza anafanya nini kisha wanachoka kabla hajamaliza kujibu, kazi yake ilikuwa kuunganisha, upande mmoja kuna mashine ya maabara majibu yanakotoka, upande wa pili kuna kompyuta ya wodi yanakotakiwa kufika, kila upande una mlango wake na neno lake la siri, naye ndiye aliyefungua milango hiyo, akajaribu kama inapitisha, na njia ikiziba akatafuta ilipozibia. Shangazi yake alielewa nusu, akatangaza mtaani kwamba binti analaza mabomba, kesho yake jirani akamwita atazame bomba lake linalovuja, na yeye, badala ya kueleza, akachukua spana ya nyumbani akalikaza, jina likamganda.

Sasa kila njia ya namna hiyo lazima iandikishwe kwa jina la kuingilia kwenye mfumo, liwe la mtu au la ofisi, na jina hilo likifungwa, njia nayo inafungwa. Mwanzoni walikuwa wawili tu na haraka ilikuwa nyingi, akaandikisha jina lake, hospitali zikaongezeka, mwenzake akaacha kazi, mwishowe zote zikawa zinaning'inia kwenye jina la mtu mmoja. Mwaka 2019 alimwomba mkuu wake zihamishiwe kwenye jina la ofisi, ambalo haliumwi wala halizai, hata kama majibu yatasimama kidogo wakati wa kuhamisha. Mkuu akacheka, wala si kwa ubaya, akamwambia, "Dada, kwani wewe utaenda wapi?" Aliomba tena kila mwaka na kujibiwa hivyohivyo, mpaka ikawa utani wa ofisi, na kwenye keki ya siku yake ya kuzaliwa wakaandika kwa sukari, Haendi Popote.

Tarehe 17 Desemba 2016 alifunga ndoa na fundi umeme, na wageni mliokuwepo mtakumbuka bibi harusi alitoweka, alikuwa nyuma ya jiko, gauni amelikunja kiunoni, simu sikioni, anamwelekeza mtu wa maabara. Tarehe 2 Agosti 2018 walijaliwa mtoto wao mmoja, wa kike.

Oktoba 2023 miguu ilianza kuvimba, ikaonekana figo zote mbili zimechoka, akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki, mkono mmoja umefungwa kwenye mashine, mkono wa pili uko kwenye kompyuta, kwa kuwa njia zikikatika hakukuwa na mwingine wa kupigiwa. Mwishoni mwa Mei mwaka huu, akiwa amelazwa, alimwambia mama yake, "Mama, nikifa wasifunge jina langu kabla hawajahamisha njia. Nenda ukawaambie." Mama hakubishana naye, Jumatatu tarehe 3 Juni alikwenda, akaketi mapokezi, mkuu akatoka mwenyewe kwa heshima zote, akamletea soda, akasikiliza, kisha akasema, "Mama, usimtabirie mtoto mabaya. Atapona, atarudi." Mama alirudi wodini na soda ile kwenye mkoba, haijafunguliwa.

Marehemu alifariki Alhamisi tarehe 13 Juni 2024, saa nne asubuhi. Habari ilipofika ofisini, afisa utumishi alifanya kile ambacho kanuni inamtaka afanye kwa yeyote anayeondoka, alifunga jina lake kabla ya adhuhuri, ndipo akaandika tanzia. Majibu yakasimama katika wodi zote.

Kwenye kitanda jirani na chake alikuwa amelazwa mama mmoja muuza mboga, aliyekunywa chai ya chupa moja nasi kwa wiki tatu, na aliyetakiwa kupasuliwa Ijumaa asubuhi majibu ya damu yakishafika. Daktari alipiga simu maabara, lakini kila hospitali ilikuwa inapiga namba hiyohiyo, upasuaji ukaahirishwa, Jumamosi mama huyo akafariki, jana amezikwa. Hakuna anayeweza kusema majibu yangemwokoa, na hakuna anayeweza kusema yasingemwokoa.

Ijumaa hiyo wafanyakazi wa ofisi ya binti yetu walifika nyumbani, mama yake yuko chini kwenye godoro, wakaomba simu ya marehemu, maana jina lisingefunguka bila namba inayotumwa kwenye laini yake. Shangazi aliwauliza, "Hata maiti mnampangia zamu?" Mama akamnyamazisha, akatoa simu kwenye mkoba, ikaita mapajani mwake, akawasomea namba mara mbili kwa sababu miwani ilikuwa imelowa. Hadi Jumapili jioni njia zote zilikuwa zimehamia kwenye jina la ofisi, kazi iliyokosa nafasi miaka mitano ikaisha kwa siku mbili, na mmoja wao akarudi kumpa mama pole na kumwambia kwamba sasa hakuna tena kinachotegemea jina la binti yake. Alidhani anamfariji.

Ameacha mume, mtoto anayeuliza kwa nini mama habebi simu yake, wadogo zake wawili, na mama yake, ambaye hana la kujifariji nalo na anaomba asitafutiwe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, majirani mliopika na kulala nasi, na wafanyakazi wenzake kwa jeneza na magari.

Binti yetu, laini yako tumeifunga, hakuna atakayekupigia tena. Pumzika sasa, kwa amani.