Nyumbani kwa Shigela ni Wapi?

Pale Gongoni, Tabora, nyuma ya maduka ya vitambaa, kuna benchi refu lililoegemea ukuta wa duka la ushonaji la Majidi. Majidi mwenyewe wanamwita Waziri, maana hakuna shida ya nchi hii asiyokuwa na mpango nayo. Rashidi wa bodaboda ni VAR, kama ile video ya marefa wa mpira, kwa sababu kila habari ni lazima airudishe nyuma aitazame upya. Mzee Mabruki, muuza kahawa, hana jina la utani. Waliowahi kujaribu kumpa walirudi nyumbani na kiu yao. Alasiri hiyo ya Desemba mvua ilikuwa imekatika muda si mrefu, barabara inatoa mvuke, Silasi akaja akajitupa kwenye benchi bila hata salamu. Silasi ni msimamizi wa karakana ya asali kule Ipuli. Asali inatoka Ipole, wao wanaichuja, wanaifungasha, na nta wanaiyeyusha. Siku nyingine angeanza kwa utani. Siku hiyo alishika kikombe akakitazama tu.

— Bosi, leo umenuniwa au umenuna? Majidi akauliza.

— Bi Swaumu, mwenye karakana, kaniita ofisini jana. Anasema kabla ya Krismasi kuna sherehe ya kufunga mwaka, na hapo anataka kuona watu wake ni kitu kimoja. Wakishindwa, mwakani hafungui. Kachoka kuendesha karakana yenye kambi mbili.

— Kambi zipi tena?

— Watu wa jikoni, wanaoyeyusha nta, na watu wa kufungasha. Hawasalimiani. Doto wa jikoni akitaka ndoo iliyoko kwa Julieth wa kufungasha, ananiita mimi nikamwombee, na Julieth huyo yuko pale pale, hatua mbili!

Rashidi akainua mkono kama refa.

— Subiri, turudishe nyuma. Ilianzaje?

Silasi akashusha pumzi. Alieleza jinsi koki ya tangi la nta ilivyokutwa wazi asubuhi moja ya Novemba. Nta ya moto ilimwagika, ikamuunguza mwenzao Shigela mkono mzima wa kulia. Jikoni wakasema watu wa kufungasha walikuja kuchota wakaacha koki wazi. Wa kufungasha wakasema koki ni ya jikoni, lawama wajibebee wenyewe. Tangu siku hiyo ni kisirani juu ya kisirani.

— Hilo dogo, Majidi akasema, na futi yake shingoni. — Washonee sare. Kitenge kimoja, wote. Mtu hawezi kumnunia aliyevaa kama yeye.

— Mbona mashemeji zako kwenye harusi walivaa sare na wakapigana? Silasi akauliza.

— Walipigana kwa mpangilio!

— Mimi nasema mpira, Rashidi akadakia. — Jikoni na kufungasha, dakika tisini, mimi refa.

— Rashidi, hawa wakishaingia uwanjani tutahitaji gari la wagonjwa, Silasi akasema.

— Basi changanya timu. Doto golini, Julieth beki wake.

— Julieth atajifunga makusudi.

Mzee Mabruki alikuwa akimimina kahawa, uso hauna habari.

— Waoane, akasema.

— Nani?

— Doto na Julieth.

— Mzee, Julieth ana mume!

— Basi Doto achukue mdogo wake. Mkishakuwa wakwe, heshima inakuja yenyewe.

Majidi alikuwa ameshasimama. Akisimama, mpango umekua.

— Hapana, hapana. Nisikilizeni. Hawa wapelekwe Ujiji kwa miguu! Njia ya misafara ile ile ya zamani. Kila mmoja na dumu la asali kichwani. Babu zetu walitoka hapa mpaka pwani na mizigo mabegani, porini simba, njaa, maradhi. Mliwahi kusikia wamegombania koki?

— Kulikuwa hakuna koki, Waziri.

— Ndiyo nasema! Wakifika Ujiji, wameshasahau.

— Wakifika Ujiji sikukuu imepita, Rashidi akasema, — na Bi Swaumu kafunga.

Benchi zima likacheka. Silasi naye alitaka kucheka, ikashindikana. Usiku uliopita hakulala, akiifikiria sherehe na wale watu. Walikuwa watu wazuri. Mwaka juzi, mama yake alipofariki, walikesha naye wote, jikoni na kufungasha, wakila sahani moja. Alikuwa hataki kuwapoteza, na hakuona pa kuanzia.

Mwisho wa benchi alikuwa amekaa mgeni, jamaa mnene mwenye kofia ya pama, ambaye alimwamkia Mzee Mabruki shikamoo, akaitikiwa marahaba, akapewa kikombe, kisha akanyamaza. Ni Bundala, dereva wa lori kutoka Nzega. Tairi lake lilikuwa kwa fundi ng'ambo ya barabara.

— Samahanini, ndugu zangu, akasema. — Huyo mwenzenu aliyeungua. Anakaa wapi?

Wote wakamgeukia Silasi.

Silasi akafungua mdomo. Siku ile ya ajali alimkimbiza Shigela hospitali mwenyewe. Aliporudi kumtazama aliambiwa karuhusiwa, mkewe kamchukua. Simu ya Shigela ilizama kwenye nta. Gharama za dawa Bi Swaumu alizimaliza pale pale. Halafu kukawa na kazi, na ugomvi, na kazi tena.

— Anakuja na baiskeli, akasema.

— Kutoka wapi?

Rashidi, anayejua kila kichochoro cha Tabora, akatazama chini. Majidi akakaa. Bundala hakuwa na ubaya. Alikunywa kahawa yake, akaaga, akaenda kwa tairi lake. Silasi alibaki ameshika kikombe, masikio yanamwaka. Kisha akasimama.

— Kesho nitapajua, akasema.

Asubuhi aliwakusanya karakana nzima kabla moto haujawashwa.

— Nani anajua nyumbani kwa Shigela?

Jikoni wakatazamana. Kufungasha wakatazama sakafu. Mwishowe Doto akajikohoza.

— Mimi najua anatokea barabara ya Sikonge. Niliwahi kumsaidia mnyororo wa baiskeli, akaniambia hapo amekaribia.

Julieth akamwambia Silasi, si Doto:

— Mke wake anauza vitumbua mbele ya kanisa. Jina lake Nyamizi.

— Bosi, Doto akasema, — mwulize huyo kanisa gani. Kule yako mawili.

— Bosi, mjibu lile lenye bati la bluu.

— Mwulize ni kabla ya pampu ya maji au baada.

— Semezaneni wenyewe! Silasi akafoka. Hakuwahi kufoka pale. — Mtu tumekaa naye miaka, nyumba yake tunaiunga vipandevipande kama gunia bovu! Semezaneni!

Julieth akageuka polepole.

— Baada ya pampu, akamwambia Doto.

— Basi napafahamu, Doto akasema.

Jioni hiyo walikwenda wote. Rashidi alibeba wawili wawili kwa bodaboda yake, wengine wakatembea. Walimkuta Shigela kibarazani, mkono umefungwa bandeji mpaka kwenye bega. Nyamizi alikuwa ndiyo kwanza anatoka shambani, tope hadi magotini, mtoto mgongoni. Alisimama akawahesabu kwa macho.

— Kumbe mnapajua hapa, akasema.

Silasi aliona shamba lililokuwa nyuma ya nyumba. Majirani wote walishapandisha matuta, mahindi yao yameshachomoza. La Shigela lilikuwa na matuta machache upande mmoja, yaliyobaki ni nyasi tupu. Mvua zikishapita, hakuna mahindi. Yeye Silasi alipoteza usingizi kwa sherehe, na sherehe haikuwa shida ya mtu yeyote pale.

— Jumamosi, akasema, — kila mmoja na jembe lake.

Jumamosi walifika kumi na tatu, jikoni na kufungasha. Na benchi la Gongoni likaja. Mzee Mabruki na birika lake. Rashidi na majembe yamefungwa nyuma ya pikipiki. Majidi alikuja na viatu vya kung'aa. Baada ya tuta moja alivivua, akalima pekupeku, anatweta, mpango haumtoki kinywani hata mmoja.

Jua lilipopanda Doto na Julieth walijikuta kwenye matuta yaliyopakana. Wakalima. Kisha Doto akasema bila kuinua kichwa:

— Koki ile hatukuiacha sisi.

Julieth akasimika jembe.

— Na sisi hatukuiacha.

— Basi ilijifungua?

— Unaniuliza mimi? Uliza jikoni kwako!

Sauti zikapanda. Wote wakaacha kulima. Mambo ya mwezi mzima yalitoka siku hiyo, uso kwa uso, vidole vinanyooshwa. Silasi alitaka kuingilia, Mzee Mabruki akamshika mkono. Shigela ndiye aliyeshuka kibarazani, akaja mpaka katikati ya matuta, mkono wake mweupe wa bandeji kifuani.

— Huu mkono ni wangu, akasema. — Mimi ndiye ninayeamka nao. Mmeshanisikia naulizia koki?

Vidole vikashuka.

— Nilikuwa nasubiri mtu aje aniulize nimelalaje.

Julieth akaweka mkono mdomoni. Doto aliangalia jembe lake.

— Umelalaje, kaka? akauliza, na sauti yake ilikuwa ndogo.

— Vibaya, Shigela akasema. — Linawasha hili jeraha. Lakini leo afadhali.

Hapo Julieth akachukua kopo la maji akanywa, kisha, bila kumtazama, akalinyoosha upande wa Doto. Doto akalipokea. Hakuna aliyeomba radhi, na Silasi hakuwaomba waombane. Aliona tu kwamba waliporudi kwenye majembe walilima sambamba, mmoja akichelewa mwingine anamalizia kipande chake.

Mchana Bi Swaumu alifika na masufuria. Aliambiwa sherehe imehamia huku, akapakia pilau kwenye gari bila kuuliza. Alimpa Shigela mkono wa kushoto, akamsalimu Nyamizi, akatembea ukingoni mwa shamba na baibui lake ameliinua kidogo lisishike tope.

— Hawa ndio wale wasiosemezana? akamwuliza Silasi.

— Ndio hao.

— Mbona wanapiga kelele hivi?

— Wanabishana nani kapindisha tuta.

Bi Swaumu akasikiliza kidogo.

— Januari tarehe mbili, akasema. — Usichelewe kuwasha moto.

Wingu lilikuwa limeshafunika upande wa Sikonge. Matone ya kwanza yalianguka makubwa makubwa, yakitoboa udongo mpya wa matuta. Nyamizi alikuwa anawafuata nyuma na mbegu, mtoto mgongoni kafunikwa kanga, na alipofika mwisho akaona bado mistari miwili ya nyasi.

— Ingieni ndani, mtalowa! akawaita. — Mmeshafanya kazi kubwa.

Silasi akawatazama watu wake. Doto alikuwa ameshainama. Julieth alikuwa anakaza kanga kiunoni.

— Tangulia na mbegu, mama, Silasi akasema. — Sisi tupo.