Maisha ya Florentine Nyirahabimana, Mke wa Étienne

Wachungaji, wazee wetu, majirani wa Kilibula, nanyi mliotoka bonde la Ruzizi, familia inawasomea maisha ya Mama Florentine Nyirahabimana, tunayemlaza leo.

Alizaliwa Kiringye tarehe 14 Agosti 1985, binti wa pili wa Donatien Twizerimana, akasoma primeri huko huko, sekondari hapa Uvira, na mwaka 2010 akapata lisansi ya fizikia chuo kikuu, Bukavu, kisha akarudi kufundisha Kilibula. Jioni baada ya vipindi, kwa intaneti, pamoja na wenzake wa Afrika Kusini, alifuatilia galaksi moja ya mbali ambayo kitovu chake hurusha mkondo mkali kuelekea kwetu, akichunguza miale ya gama iliyonaswa na setilaiti, miale inayopanda ghafula, kisha ikafifia hata miaka, bila mtu kujua sababu.

Tarehe 6 Oktoba 2012 aliolewa na Étienne Muhire, wakapata Ishema na Umwiza. Tarehe 3 Juni 2017 Étienne alikwenda Mutarule kuangalia mpunga wake, ikapatikana baiskeli yake tu, imeegemezwa vizuri kando ya barabara.

Desturi yetu, mtu asipopatikana, shina la mgomba huzikwa mahali pake ili kilio kiishe, lakini Florentine alikataa, akaendelea kumpakulia mumewe chakula, na mwaka huo huo galaksi yake nayo ikanyamaza. Mama mkwe wake, Mama Concilie, alimuuliza mbele yetu, "Mama Ishema, weye unangojea muntu ao nyota?" Akajibu, "Kunyamaza si kufa, mama." "Na huo mwanga ulitoka kule zamani hivyo, unajua je kama mwenyewe angali iko?" Florentine akachukua sahani ya mumewe, akapakua.

Saratani ya titi ilionekana Februari 2023, akatibiwa Bukavu, akafariki hapa Uvira tarehe 19 Machi 2024.

Mgomba ulikuwa umeshakatwa ili Étienne azikwe leo kando yake, kwa ombi la Mama Concilie mwenyewe, lakini jana wenzake wa Afrika Kusini walituandikia kwamba galaksi ile imewaka tena, na Mama Concilie aliposomewa ujumbe huo aliagiza mgomba utolewe uani. Kwa hiyo shimo la pili mnaloliona litafukiwa tupu, na msalabani tumeandika mke, si mjane.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopika na kukesha nasi, walimu wenzake, na wale wa mbali waliotuandikia.

Pumzika kwa amani, Mama Ishema, Étienne akifika tutamwonyesha ulipolala.