Barua ya Kumwombea Hafiz

Baraza letu la Tibirinzi halijashindwa kesi hata moja, maana hakuna aliyewahi kutuletea. Juzi ikaja. Uingereza wanataka kumrudisha Hafiz, mwana wa Bi Time, na kule ana mke na watoto wawili. Wakili wake kaomba barua ya watu wa kwao, kwani hakimu atatazama dhiki itakayowapata mke na watoto wakitenganishwa naye. Tukaagiza birika zima la kahawa. Fahmi, tunayemwita Kalamu, akafungua daftari. Mmanga, ambaye kwetu ndiye Jaji, akajiweka mbele, japo mahakamani kaingia mara moja tu, shahidi wa kesi ya mbuzi.

JAJI: Anza na mapenzi. Andika Pemba nzima yamlilia.

KALAMU: Nzima?

JAJI: Toa Makoongwe. Kule hawamjui.

Khatib Redio hakungoja zamu.

REDIO: Tia methali, yakhe! Mahakimu wapenda hekima. Andika, "Mkataa kwao mtumwa."

JAJI: Hapo umemmaliza!

REDIO: Bado. Andika tangu aondoke timu yetu haijafunga goli.

JAJI: Na mikarafuu ya babake imegoma kuzaa. Kisheria hiyo ndo dhiki.

KALAMU: Mikarafuu yamjua Hafiz?

JAJI: Yamjua sana! Kaanguka mikarafuuni mara ngapi? Haya, sasa roho ya kesi. Andika mamake apaka chumba cha Hafiz chokaa kila Idi, atandika kitanda, na sahani yake ya pilau huiweka mkekani.

REDIO: Kwenye sahani hakimu atalia mpaka wigi limvuke kichwani.

Tulicheka hata kahawa ikatumwagikia. Barua ilikuwa tamu, wallahi, nami nilijiona mwanasheria. Tukamwita Bi Time, nyumba yake i ng'ambo ya njia, aje atie sahihi. Kalamu akamsomea. Penye sahani alitabasamu, akajifuta macho kwa ncha ya mtandio.

BI TIME: Ahsanteni wanangu. Sasa hakimu akishasoma haya, atamwacha na wanawe au atampandisha ndege?

Jaji alimtazama Redio. Redio akatazama ndani ya birika, nalo lilikuwa tupu. Mimi nilisikia aibu mpaka masikioni; barua yetu yote yamwita arudi.

BI TIME: Futa mtumwa wenu na mikarafuu yenu. Andika wale watoto hawalali mpaka babao awasomee dua. Kila usiku wanisikilizisha kwa simu. Na chumba, andika nafugia kuku.

KALAMU: Bi Time, kwa hakimu hatuandiki uongo.

BI TIME: Uongo wa nini? Nakwenda kuwatia chumbani sasa hivi.

Akavuka njia, akakunja godoro. Baraza zima tukamfuata kukimbiza kuku uani, Jaji kanzu kiunoni, Redio kambeba jogoo wake mwenyewe kuongeza ushahidi. Kalamu akapiga kelele dirishani.

KALAMU: Na sahani ya Idi, Bi Time? Niifute?

Alikuwa na tetea kwapani, manyoya kichwani, anacheka.

BI TIME: Ifute. Kwenye barua tu.