Mama Cheche na Magari Yanayosubiri Chini

Baada ya miaka thelathini na moja ya kushtua magari yaliyokufa betri katika maegesho ya chini ya hospitali yetu, Mama Cheche anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe thelathini Septemba. Kamati ya sherehe iliniomba mimi, mlinda lango, niandike wasifu wake, kwa sababu kila mwingine aliyeombwa alikumbuka ghafla kwamba ana kazi nyingi. Nawaelewa. Mama Cheche ni kipenzi cha kila mtu, lakini ni kipenzi ambaye hakuna anayetaka kumwona amesimama kando ya gari lake.

Nieleze kwa ajili ya wageni wetu. Maegesho yako chini ya ardhi, orofa mbili, hayana dirisha, na taa za upande wa mwisho zina tabia ya kuzimika zinapojisikia. Watu huingia mbiombio na mgonjwa wao, huegesha popote, huacha taa za gari zikiwaka na kupanda juu. Wengine hushuka saa hiyohiyo. Wengine huuguza wiki nzima, betri ikafa. Na yapo magari ambayo wenyewe waliyaendesha hadi hapa kwa mikono yao na hawakushuka tena kuyachukua. Hayo hufuatwa na ndugu, funguo zikiwa ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na saa na miwani. Kuyawasha hayo ndiyo kazi iliyomjengea Mama Cheche jina.

Alianza kama msafishaji wa sakafu. Enzi hizo vifaa vya kushtulia gari vilikuwa betri kuukuu ya lori juu ya kitoroli, na nyaya mbili ndefu. Fundi aliyekuwa na kazi hiyo aliacha bila kuaga, akasema tu kwamba hapendi jinsi magari ya kule mwisho yanavyomtazama. Mama Cheche akaweka fagio pembeni, akashika kitoroli. Gurudumu lake moja lilikuwa linalia, na wauguzi waliotoka zamu walizoea kulisikia linakuja kutoka gizani kabla hawajamwona mwenyewe. Wapo walioamua kupanda basi.

Zilipokuja busta, hivi vifaa vya kubeba mkononi vinavyoshtua gari bila kuhitaji gari la pili, hospitali ilimwachia achague mwenyewe, naye akachagua vibaya kama ambavyo yeyote kati yetu angechagua. Alichukua ile yenye tarakimu kubwa kuliko zote kwenye boksi, yenye tochi, dira na pa kuchajia simu. Siku ya kwanza, ambulensi ya dizeli ilikohoa kidogo ikanyamaza. Alikuja kugundua kwamba tarakimu ile ilikuwa ya nguvu ya kufumba na kufumbua, si ile inayobaki wakati starta inahangaika kuzungusha injini. Alicheka mpaka akakaa chini. Busta ile ikapewa kazi ya kumulika chini ya viti kutafuta funguo, na kwa hilo haikuwa na mpinzani.

Tangu hapo, aliyemwendea kuuliza anunue busta gani alihojiwa kama yuko kwa daktari. Gari la petroli au la dizeli? Injini kubwa kiasi gani? Betri ni ya volti kumi na mbili, au ni lori la ishirini na nne? Dizeli ni nzito kuamka, alisema, hivyo ukibana matumizi kwenye busta utayafungulia kwenye teksi. Tazama ampea za kuwashia, usitazame zile za kujisifu. Shika vibano vya nyaya kwa mkono wako mwenyewe. Vikilegea dukani, vitalegea na kwenye betri. Waya uwe mnene na mfupi. Iwe na kinga ya kukataa ukichanganya chanya na hasi, maana hata fundi hukosea akiwa na machozi. Kisha uichaji kila mara hata kama hujaitumia, na usiiache ndani ya gari juani. Busta isiyo na chaji, kwa maneno yake, ni tofali la bei mbaya.

Lakini kilichomtofautisha hakikuwa kwenye boksi lolote. Kabla ya kuwasha gari la aliyefariki, Mama Cheche aliunganisha vibano, akagonga boneti kama anayebisha hodi, akaliambia gari habari. Mwenyewe hayupo. Nimekuja na mwanawe. Tafadhali, twende nyumbani. Ndugu waliokuwa wamejikaza tangu wodini walilia hapo, na wengi walituambia baadaye kwamba walihitaji mtu ayaseme maneno yale kwa sauti.

Alipoajiriwa fundi mpya, kijana mwenye cheti na mzaha mwingi, alisema yeye haongei na mabati. Akaunganisha busta nzuri, iliyojaa, kwenye gari la marehemu mmoja, akageuza ufunguo. Tik. Akabadili vibano. Tik. Mama Cheche akaja, akagonga, akasema yake, na gari likawaka mara moja. Fundi mpya alitoka jasho. Mama Cheche akamtuliza: betri iliyokufa kabisa inataka dakika chache za kunywa umeme kabla hujageuza ufunguo, na mazungumzo ni njia nzuri ya kuzipitisha dakika hizo. Maelezo haya tuliyashika kwa mikono miwili. Yalitusaidia hasa tulipolazimika kwenda kule mwisho peke yetu.

Hayakueleza kila kitu, sitadanganya. Wakati mwingine tulimkuta amesimama kando ya gari ambalo mwenyewe bado yuko hai juu, kiganja juu ya boneti, kichwa kimeinama. Mfanyabiashara mmoja alimwona hivyo kando ya gari la baba yake, akapanda ngazi akikimbia bila kungoja lifti. Alimkuta mzee anapumua bado, wakaagana vizuri. Aliporudi kushukuru, Mama Cheche alijibu kwamba alikuwa anafunga kamba ya kiatu. Siku hiyo alikuwa amevaa ndala.

Mwaka jana akalazwa mumewe, dereva mstaafu wa malori ambaye sote tulimwita Shemeji. Alijiendesha mwenyewe hadi hapa kwa pikapu yake ya dizeli, akabisha kwamba haumwi sana, akaegesha kule mwisho kwa kuwa kwingine kulijaa. Ugonjwa ulipomzidi alimwomba mkewe jambo moja tu: "Gari langu lisibaki huko kwako chini. Litoe juani, nilione." Kitanda chake kilikuwa karibu na dirisha linalotazama ua. Mama Cheche akaahidi, na ahadi ni deni. Kila siku alisema kesho. Tulijua kwa nini. Kulitoa kulikuwa sawa na kukubali.

Kisha asubuhi moja muuguzi wa zamu alimpigia simu kwamba apande haraka. Mama Cheche akachukua busta yake ya kuwashia malori, akashuka. Fundi mpya alimfuata kumshikia taa, na haya ya chini nimeyapata kwake, maana mimi nilikuwa langoni. Akaunganisha vibano, akageuza ufunguo bila kusema neno. Tik. Busta ilikuwa imejaa, vibano vimeuma sawasawa, betri za malori zimeamshwa na kifaa hichohicho. Akarudia. Tik. Ndipo akashuka, akagonga boneti, akasema, "Mwenyewe yupo juu. Ananisubiri. Twende." Akageuza. Tik.

Fundi mpya anasema taa za upande ule zilizimika, akabaki na tochi tu, na kwamba hatasahau jinsi Mama Cheche alivyosimama, kiganja juu ya bati. Alitamani kumwambia waache, wapande tu juu. Kisha akamsikia akisema kwa sauti ya chini, kama anayemwamsha mtoto: "Basi. Mwenyewe hayupo. Nimekuja mimi, mkewe."

Pikapu ikanguruma kabla hajamaliza kuugeuza ufunguo.

Niliinua lango, nikaiona inapanda kutoka gizani hadi katikati ya ua, kwenye jua kali. Mama Cheche akapiga honi, akatoka, akatazama juu. Nami nikatazama. Dirishani palikuwa na mkono ulioinuliwa, kiganja wazi, kama madereva wa malori wanavyosalimiana barabarani. Fundi mpya aliuona. Mwuza magazeti wa pale langoni aliuona. Ulikaa pale kitambo, kisha pazia likatulia.

Muuguzi wa zamu alishuka dakika chache baadaye na habari. Shemeji alikuwa ameshafariki wakati pikapu ingali chini. Yeye mwenyewe alikuwa amemfunika na kuvuta pazia, na chumbani hapakuwa na mtu mwingine. Mama Cheche akamshika mkono. "Najua, mwanangu," akasema. "Nimeshaliambia gari." Kisha akauliza kama dirisha lile lilikuwa wazi, na alipoambiwa lilifungwa tangu jana yake, aliitikia kwa kichwa, ameridhika. "Basi si upepo. Ameliona limetoka."

Aliporudi kutoka matangani alishika kazi kama kawaida. Amemfundisha fundi mpya kila kitu, na siku hizi kijana yule hubisha hodi kwenye boneti bila mzaha. Katika miaka yote hii hakuna ambulensi iliyoshindwa kutoka kwa sababu ya betri akiwa zamu, na hakuna ndugu aliyerudi nyumbani kwa miguu.

Kwa yote hayo, Mama Cheche, tunakushukuru kutoka moyoni, na tunakiri kwamba tutakukumbuka kwa upendo na kwa woga kidogo. Ijumaa ataondoka na ile pikapu. Kamati ilipendekeza nikae naye mbele, nimsindikize hadi kwake. Alinishukuru sana, akaniambia kwa upole nipande nyuma na zawadi, maana kiti cha mbele kina mtu. Langoni nimeiona pikapu hiyo ikiingia na kutoka kila siku tangu mwaka jana, na sikubisha. Tunawatakia pumziko jema na barabara nyeupe, nyote wawili.