Dawa Alizoacha Mama Notburga

Nani kati yenu amesema Siwema alimlisha mama sumu kwenye usipa, hao dagaa wa ziwani? Baba Padri utanisamehe, wazee wangu shikamooni, lakini nauliza kabla sijaanza, maana mkwe wetu huyu ananyooshewa vidole tangu msiba uingie, na wapo wanaotaka arudishwe kwao Liuli tukishatoka makaburini.

Marehemu Notburga alizaliwa hapa Maguu tarehe 14 Machi 1967, akasoma shule ya msingi hapa hapa hadi 1981, akarudi shambani, na sijaona aliyechuma kahawa kwa kasi yake huku akiimba kwa sauti mbaya vile. Mwaka 1986 alifunga ndoa na baba yetu, marehemu Mansuetus, wakajaliwa watoto wawili, kaka yangu Xaveri, ambaye ndiye mume wa Siwema, na mimi Kunigunda.

Mwaka 2009 alipimwa Mbinga mjini, akakutwa na virusi vya Ukimwi, na aliniagiza nilitaje jina hilo, "usije ukawaambia homa, utanitia aibu." Akaanza dawa, akanenepa. Kirusi hakiwezi kuzaliana chenyewe, huingia ndani ya seli ya mwili na kuilazimisha itengeneze nakala zake, na dawa zile huzuia nakala zisitengenezwe, ila haziviondoi vile vichache vilivyojificha vimelala, kwa hiyo ukiziacha, vinaamka.

Aprili 2024 aliziacha, wala hakutuambia. Siwema ndiye aliyemsikia akikohoa, akampeleka hospitali, akawa anamwogesha, anamsagia usipa maana kutafuna alishindwa. Dawa alirudia, lakini kifua kikuu kilikuwa kimeshamtangulia, akafariki tarehe 9 Juni 2025, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Siwema.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliolala nasi, wanajumuiya, na wenzake wa ushirika wa kahawa. Pumzika kwa amani mama, mwili umechoka vya kutosha.

Kaka yake, mjomba Hyasinti, ameomba tumalizie kwa maneno aliyoyatamka jana mbele ya ukoo, akiwa amesimama, nami nayasoma yalivyo: "Mwacheni huyo binti. Ni mimi niliyemwambia dada, mbona hata mikahawa tunaacha kuipulizia dawa kuchuma kukikaribia, na wewe umeshapona, ipumzishe damu yako. Akanisikiliza, kwa sababu mimi ni kaka yake."